Jina la anayemtunza mgonjwa nalo liandikwe

Msomaji, kabla hujaendelea jiulize: katika nyumba yenu au kwa jirani, ni nani anayemgeuza mgonjwa usiku? Ni nani anayemlisha, anayemfulia na kumkumbusha vidonge vyake? Hapa Nyalenda karibu kila ploti ina jibu. Aghalabu ni mke, binti aliyekatiza masomo, au nyanya ambaye naye amefika umri wa kutunzwa. Hawa ndio wauguzi wengi zaidi tulio nao mtaani, na hawana mshahara, likizo wala mafunzo.

Somo la wiki hii si la dawa, ingawa linagusa kila dawa ninayoandika. Ni somo la jinsi ya kuwaendea waliochaguliwa kututungia sheria katika kaunti, na kuwaomba wamtambue mtu huyu.

Kisa cha Pandpieri

Miaka michache iliyopita niliitwa Pandpieri kumwona mzee aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi. Alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitalini wiki tatu nyuma. Mkewe, muuza mboga, alinipokea. Nyumba ilikuwa safi, mzee ameogeshwa, dawa zimepangwa mezani. Lakini nilipomgeuza niliona kidonda juu ya makalio, kipana kama kiganja, kilichokwisha kula nyama.

“Mama, kwa siku unamgeuza mara ngapi?” nilimuuliza.

“Kwani anapaswa kugeuzwa, daktari? Niliambiwa apumzike. Nikamwacha apumzike.”

Niliomba karatasi ya hospitali. Ilikuwa na jina la mgonjwa, ugonjwa, dawa nne na tarehe ya kurudi. Jina la mama huyu halikuwamo, wala hapakuwa na neno moja kuhusu kazi aliyoachiwa. Niliona haya, kwa sababu mimi pia nilikuwa nimeandika karatasi kama ile kwa miaka mingi.

Kidonda kilichukua miezi mitano kufunga. Muda huo wote kibanda cha mboga kilifungwa, na mtoto mmoja akarudishwa nyumbani kwa karo.

Ambayo yangefunzwa kwa nusu saa

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza mwenyewe hugeuzwa takriban kila saa mbili. Ngozi ya visigino, nyonga na sehemu ya juu ya makalio hukaguliwa kila siku; palipobadilika rangi na pasiporudi hali yake pakibonyezwa, pana hatari. Mgonjwa wa kiharusi hulishwa akiwa ameketi, polepole, na hubaki wima kama nusu saa baada ya kula ili chakula kisiingie mapafuni. Naye anayemwinua akunje magoti wala asiinamishe mgongo, la sivyo baada ya mwezi kutakuwa na wagonjwa wawili.

Mtunzaji mwenyewe pia apimwe shinikizo la damu. Akikosa usingizi hata anapopata nafasi ya kulala, au huzuni ikimkaa zaidi ya wiki mbili, aje kliniki. Huo si uvivu wala kumchoka mgonjwa. Ni ugonjwa, na unatibika.

Wakazi wa zamani watakumbuka miaka ya Ukimwi, kabla dawa za kupunguza makali hazijaanza kutolewa bure katika hospitali za serikali mwaka 2006. Wagonjwa walikuwa wakiuguziwa nyumbani, na kupitia makanisa na vikundi vya mtaani kina mama walifunzwa kuosha vidonda na kumlisha mtu dhaifu. Wakati ule tulijua kwamba mtunzaji hufunzwa. Leo wagonjwa wa kiharusi, kisukari na saratani wanarudi nyumba zile zile, na somo lile tumelisahau.

Sheria inasemaje?

Wengi huona aibu kuomba msaada. “Ni mama yangu, si wajibu wangu kumtunza?” Ni wajibu wako kweli. Lakini Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kupata matunzo na usaidizi wa kadiri kutoka kwa familia yao na kwa Serikali. Imetaja wote wawili. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa. Na Jedwali la Nne limezipa kaunti jukumu la vituo vya afya na hospitali za kaunti, kwa hiyo mlango wa kubisha ni Bunge la Kaunti ya Kisumu.

Je, mwananchi wa kawaida anaweza kubisha? Naam. Kifungu cha 37 cha Katiba kinamruhusu kuwasilisha ombi kwa mamlaka za umma. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, sehemu ya 15, inampa haki ya kuliomba bunge la kaunti litunge, libadilishe au lifute sheria.

Wako waliotutangulia. Mwaka 2014 jimbo la Oklahoma, Marekani, lilikuwa la kwanza nchini humo kupitisha sheria inayozitaka hospitali zifanye mambo matatu: kuandika jina la mtunzaji aliyechaguliwa na mgonjwa, kumjulisha kabla mgonjwa hajaruhusiwa, na kumwonyesha kazi atakayoifanya nyumbani. Majimbo mengi yakafuata. Tazama kwamba halikuwa ombi la fedha nyingi. Lilikuwa ombi la kalamu na nusu saa ya muuguzi.

Hatua za kufuata

1. Mjue mwakilishi wako. Nyalenda A iko katika eneobunge la Kisumu ya Kati? La, iko Kisumu Mashariki. Nyalenda B ndiyo iliyo Kisumu ya Kati. Kila moja ni wadi yenye mwakilishi wake. Ukibisha mlango usio wako utapoteza nauli.

2. Unganeni. Sauti ya mtu mmoja husikika kama kilio cha shida zake. Watunzaji kumi au ishirini wa mtaa mmoja ni jambo jingine. Anzeni na chama mlicho nacho, au kundi la kanisa au msikiti. Mwiteni pia mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea nyumba zenu.

3. Kusanyeni ushahidi. Kila mmoja achukue daftari na kuandika kwa wiki mbili: saa anazomhudumia mgonjwa, fedha zinazokwenda kwa nepi, glavu na nauli, siku za kazi alizokosa, na jambo ambalo hakufunzwa. Tahadhari: msiandike jina wala ugonjwa wa mtu bila ridhaa yake. Siri ya mgonjwa ni mali yake.

4. Ombeni jambo moja. Orodha ya mambo kumi humpa kiongozi nafasi ya kuahidi yote na kutotimiza hata moja. Mimi ningeomba hili: kila hospitali na kituo cha afya cha kaunti kiandike jina la mtunzaji, kimfunze kwa Dholuo, Kiswahili au lugha anayoielewa kabla mgonjwa hajaruhusiwa, na kimjulishe mhudumu wa afya wa mtaa wake.

5. Andikeni ombi rasmi. Laweza kuwa kwa Kiswahili, na hata kwa mkono mradi lisomeke. Lielekezwe kwa Bunge la Kaunti, liwe na lugha ya heshima, lieleze mlikokwisha kwenda na mkajibiwa nini, liseme kama jambo hilo liko mahakamani au la, na limalizike kwa kutaja wazi mnachotaka. Kila mmoja aandike jina, anwani na nambari ya kitambulisho, kisha atie sahihi au alama ya kidole gumba. Mpelekeeni Karani wa Bunge, au mwakilishi wenu aliwasilishe. Bakini na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

6. Fuateni kalenda ya fedha. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bungeni kufikia Septemba 1, mwongozo wa matumizi kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Ukija Juni kuomba glavu na walimu, chungu kimekwisha epuliwa. Vikao vya kutoa maoni vinapotangazwa, nendeni na daftari zenu.

7. Rudini. Ulizeni ombi limepelekwa kamati gani na litajibiwa lini. Mwandikeni aliyewajibu, na tarehe.

Jambo moja la kutochanganya: fedha za Inua Jamii, yaani shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa kuanzia miaka 70 na kwa nyumba zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, ni za serikali ya kitaifa. Kwa hizo muone chifu au afisa wa huduma za jamii, na mbunge wako.

Mzee wa Pandpieri alifariki mwaka uliofuata, wala si kwa kidonda kile. Mkewe amerudi kuuza mboga kando ya barabara, na nikipita huniita: “Daktari, siku hizi mnaandika majina yetu?”

Katika kliniki yangu ninaandika, na muuguzi wangu anafundisha. Kwa hospitali za kaunti nzima, msomaji, jibu la mama huyo linahitaji sahihi yako.