SOMO LETU: UPEPO HAUCHAGUI MZIGO



Hapa Kwanza wengi wetu ni watu wa mahindi, na kinu cha kusaga tunakijua. Feni inavuta unga kupitia chekeche na kuusukuma kwa bomba hadi kwenye lile pipa la juu lenye umbo la faneli. Humo upepo unazunguka na kutokea juu, nao unga unashuka kwenye gunia.

Kiwanda cha kuchambua pamba hutumia akili hiyo hiyo. Zamani pamba ilibebwa kwa vikapu hadi kwenye mashine. Miaka ya 1880, Robert Munger wa Texas, Marekani, alianza kuivuta kwa feni na mabomba.

Kazi inavyokwenda

1. Bomba hufyonza pamba yenye mbegu. Upepo hukimbia kama kilomita 80 kwa saa, mwendo wa matatu barabarani.

2. Njiani bomba hupanuka. Upepo unapungua nguvu, mawe yanaanguka. Ni kama mama anavyopepeta maharagwe: kizito kinabaki, chepesi kinapeperuka.

3. Pamba hutenganishwa na upepo, ikashuka kwenye mashine inayotoa nyuzi kwenye mbegu. Kilo 3 za pamba hutoa karibu kilo 1 ya nyuzi.

4. Upepo tena hupeleka nyuzi zikafungwe marobota.

Hatari iko wapi?

Upepo hubeba chochote tulichotia guniani.

Pamba yenye unyevu ni nzito. Hujikusanya mabonge na kuziba bomba, kazi yote ikasimama.

Msumari au kipande cha waya kikigonga chuma hutoa cheche. Upepo ule ule unaobeba pamba huchochea moto na kuupeleka mbele. Moto unaweza kujificha ndani ya robota siku kadhaa kabla ya kuonekana.

Nyuzi za gunia la nailoni ni nyepesi kama pamba yenyewe, kwa hiyo upepo hauwezi kuzitenga. Huenda mpaka kwenye kitambaa, na hapo hazishiki rangi. Mnunuzi akiziona anashusha bei.

Ndugu zetu, pamba ya kikundi huchanganywa. Uzembe wa mmoja hulipwa na wote, hata yule mjane aliyechuma yake kwa uangalifu. Na sisi wa mahindi tusicheke: mahindi mabichi huziba chekeche, na msumari huvunja nyundo za kinu tulichonunua kwa harambee.

Tufanye nini?

Tuchume umande ukishakauka. Tuanike juu ya turubai safi. Tutumie magunia ya pamba, si ya nailoni. Walio kiwandani wafunike pua na mdomo, maana vumbi la pamba huumiza mapafu.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kikundi chetu, nani hukagua magunia kabla hayajachanganywa?

2. Mwenzetu akileta mzigo mchafu, tutamwambiaje bila kumwaibisha?