Nimetumia bomba la rafiki yangu

*Daktari, najidunga unga. Juzi usiku arosto ilinibana, nikachukua bomba la rafiki yangu, nikalisuuza kwa maji, nikajichoma. Leo nimesikia ana VVU. Ndiyo nimeshaupata? – M., Dar es Salaam*

Ndugu M., nilikujibu kwa simu siku ileile; hapa naandika kwa ajili ya wenzako pia. Hofu yako ina msingi, ila kujidunga mara moja hakumaanishi umeshaambukizwa. Wahi hospitali uombe dawa kinga. Huanzwa ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na humezwa kila siku kwa siku 28. Waeleze ukweli wote. Kipimo cha leo hakiwezi kuonyesha maambukizi ya juzi, kwa hiyo utarudi kupimwa tena. Omba na kipimo cha homa ya ini B na C.

Maji hayatoshi. Damu hubaki ndani ya sindano na bomba, na humo virusi huweza kukaa siku kadhaa. Kijiko na pamba mnavyochangia navyo ni hatari, hasa kwa homa ya ini C.

Lakini kilichokusukuma ni arosto, yaani maumivu ya kukosa unga (heroini), na arosto ina tiba. Muhimbili ilianza kutoa tiba hiyo, methadoni, mwaka 2011, na sasa kuna kliniki nyingine, ikiwemo ya Temeke. Unakunywa dozi yako kila siku mbele ya mhudumu, na mwili unatulia. Ukiwa bado unajidunga, tumia bomba jipya kila mara, lako peke yako. Ukipata homa, vipele au macho ya njano, rudi hospitali siku hiyohiyo.