SOMO LA AFYA: Kichocho kwa Mtoto Asiyejua Kutembea



Tumezoea kusema kichocho ni ugonjwa wa wavuvi, na wa vijana wanaoogelea mtoni. Mtoto wa miezi minane, ambaye hata kusimama hajui, atakipata wapi? Atakipata katika beseni la kuogea.

Kandokando ya Nile, hapa Juba pia, kipo kichocho cha matumbo. Mgonjwa akijisaidia karibu na maji, mayai ya minyoo huanguliwa humo. Vijidudu huingia ndani ya konokono wadogo wa majini, huzaana, kisha hutoka wakati wa jua na kutafuta ngozi ya mtu. Havihitaji kidonda, na dakika chache zatosha. Mama akichota maji hayo mchana na kumkalisha mtoto ndani yake, ni sawa na kumpeleka mtoni. Maji yaliyovutwa mtoni na lori la tangi, yakaogewa saa ile ile bila kutiwa dawa, nayo si ya kuaminiwa.

Mto wetu hutoka Uganda, na huko jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2006 kundi la watafiti, wakiwamo Narcis Kabatereine wa Wizara ya Afya ya Uganda na Russell Stothard wa Uingereza, lilichapa habari za watoto wa chini ya miaka 3 wa mwambao wa Ziwa Victoria ambao tayari walikuwa na kichocho. Kuanzia 2009 walifuatwa akina mama na watoto wao kwenye Ziwa Victoria na Ziwa Albert. Kwa miaka mingi kampeni za dawa ziliwalenga watoto wa shule. Mdogo alingoja afike darasa la kwanza, huku mayai yakizidi kukwama katika ini lake.

Sasa tuje kwenye kupima, maana hapa ndipo penye taabu.

Kipimo cha zamani ni cha choo. Mpimaji huchukua chembe ya choo, kama miligramu 41.7, huibana kwa kipande cha selofani juu ya kioo, na kuhesabu mayai kwa darubini. Mwenye minyoo mingi ataonekana. Lakini mchanga huwa na minyoo michache, na mayai hayatoki sawasawa kila siku. Tena choo chake ni chepesi, hakipimiki vizuri. Na tangu vijidudu kuingia mwilini hadi mayai kuonekana hupita wiki 5 au zaidi. Kwa hiyo karatasi ikisema "hakuna mayai", haijasema hakuna minyoo. Inafaa kupima choo cha siku mbili tatu. Siku tatu za zahanati ni siku tatu bila ujira, na mama anayeuza mboga Konyo Konyo anajua maana yake.

Kipimo cha pili ni cha mkojo. Matone machache hutiwa kwenye kibao kidogo kama kile cha malaria, na baada ya dakika 20 mstari husomwa. Chenyewe hakitafuti mayai. Hutafuta kitu kinachotolewa na minyoo iliyo hai, ambacho hupita katika damu hadi mkojoni. Siku moja yatosha. Kasoro zake: mstari hafifu huleta ubishi, nacho ni kizuri kwa kichocho cha matumbo, si kile cha kibofu.

Dalili peke yake zisitudanganye. Kuhara kunakokuja na kuondoka, damu chooni, tumbo kubwa na upungufu wa damu vyafanana na magonjwa mengine. Na malaria ikipatikana shauri halijaisha, mtoto aweza kuwa na vyote viwili.

Dawa ni prazikwanteli. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri itolewe katika kampeni kuanzia miaka 2. Aliye chini ya hapo hutibiwa na mganga mmoja mmoja, baada ya kupimwa. Kidonge cha wakubwa ni kikubwa na kichungu, msikisage nyumbani kwa kukisia. Kimetengenezwa cha watoto, miligramu 150, kinachoyeyuka katika maji, kwa wa miezi 3 hadi miaka 6. Wakaguzi wa dawa wa Ulaya walitoa maoni ya kukikubali Desemba 2023.

Makatibu wa matawi waulize zahanati zao kama kipimo cha mkojo na kidonge hicho vipo. Na tunapokaa na mwajiri, ruhusa ya kumpeleka mtoto kupimwa bila kukatwa mshahara iandikwe katika mapatano.

Nyumbani, maji ya mtoni yachemshwe, au yakae siku mbili katika pipa safi lililofunikwa, lisilo na konokono, kabla ya kumwogeshea mtoto. Vijidudu visipopata mtu hufa. Mtoto akitibiwa, mwulizeni mganga tarehe ya kurudi, kwa sababu dawa hii huua minyoo mikubwa lakini ile michanga mara nyingi huponyoka, ikakua na kuanza kutaga.