Bill aliye ndani ya kindubile: somo la neno moja na hamu ya filamu za kauboi

Jioni moja huko Mwadingusha, uani kwa baba mkubwa wangu, mstaafu wa umeme, mzee alikuwa anatusimulia filamu aliyoiona akiwa kijana. Ilikuwa *Les Sept Mercenaires* ya mwaka 1960, ile ya wanaume saba wanaokodiwa na wakulima ili wawafukuze majambazi wanaopora mavuno ya kijiji. Jina la Yul Brynner lilikuwa limemtoka kichwani. Alimwita tu "ule kipara wa nguo nyeusi". Lakini jinsi Brynner alivyopanda lile gari la maiti, na jinsi Steve McQueen alivyokaa kando yake na bunduki, hayo yote mzee alikuwa nayo. Mjukuu wake akaingilia kati kuuliza jambo, na akauliza kwa kindubile. Mzee akamkata: "Acha kindubile yako apa! Ile ni luga ya bashege." Kijana akanyamaza, hadithi ikaendelea.

Tukio hilo dogo ndilo chanzo cha somo hili. Mzee hakujua kwamba neno alilotumia kumkemea mjukuu limebeba kauboi ndani yake. Hoja yangu ni kwamba kindubile kimetoka kwenye filamu zilezile ambazo wazee wetu wanazikumbuka kwa upendo. Anayezisifu filamu hizo na kukidharau kindubile anausifu mti na kulitupa tunda lake.

1. Tulivunje neno

Kindubile ni jina ambalo watu wa Lubumbashi huipa lugha ya vijana wa mtaani, lugha yenye sarufi ya Kiswahili chetu cha Katanga na msamiati uliokusanywa kila mahali. Chuoni Lubumbashi, Georges Mulumbwa Mutambwa ameichunguza kwa kina. Hapa tutazame jina lake tu.

Mwanzoni kuna kiambishi *ki-*, kile kile cha Kiswahili na Kiluba, kinachotaja lugha au namna ya kusema. Mwishoni kuna irabu *-e*, iliyoongezwa kwa sababu Kiswahili hakipendi neno liishie kwa konsonanti: *bil* likawa *bile*. Katikati kuna *indubil*, ambalo irabu yake ya kwanza imemezwa na irabu ya *ki-*. Hivyo: *ki-* + *indubil* + *-e*, kindubile.

Na *indubil* lenyewe? Maelezo yanayotolewa na wengi ni kwamba limeunganishwa kutoka maneno mawili ya ukumbi wa sinema: *hindou*, kwa ajili ya filamu za Kihindi, na *Bill*, kwa ajili ya Buffalo Bill. Ukilitamka neno kindubile, umeitaja sinema mara mbili.

2. Bill alikuwa nani?

Bill wa kwanza alikuwa mtu wa kweli: William Frederick Cody, Mmarekani aliyezaliwa 1846 na kufa 1917. Aliwinda nyati, na kuanzia 1883 alizunguka na maonyesho makubwa ya farasi, bunduki na Wahindi wekundu. Mwaka 1944 Hollywood ilitoa filamu *Buffalo Bill*, iliyoongozwa na William Wellman, na Joel McCrea ndiye aliyekuwa Bill.

Bill wa pili alizaliwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, katika miaka ya 1950. Vijana wa mitaa ya Waafrika walizitazama filamu za kauboi, wakajifunza mwendo, mavazi na majivuno ya kauboi, wakajiita *Bills*. Mwanahistoria Didier Gondola amewaandikia kitabu kizima, *Tropical Cowboys*, kilichotoka 2016. Anaonyesha kwamba haukuwa mchezo mtupu. Vijana hawa walikuwa wananyimwa shule, kazi na heshima ya kuitwa wanaume, na kauboi aliwapa picha ya mwanaume asiyeomba ruhusa. Wapo walioumiza watu, hasa wasichana, na hilo hatuna ruhusa ya kulifunika kwa sababu tu tunaikumbuka zamani. Wapo pia walioingia barabarani tarehe 4 Januari 1959, siku mji ulipomwasi mkoloni.

Walihitaji lugha ambayo polisi, padri na mzazi wasingeielewa. Wakachukua sarufi ya Kilingala, wakamwagia ndani Kifaransa, Kiingereza, Kikongo na maneno waliyoyageuza kichwa chini. Hiyo ikawa *indubil*.

3. Jina moja, sarufi mbili

Hapa mwanafunzi wa isimu asimame kidogo. Jina liliposafiri kuja mashariki, sarufi haikusafiri nalo. Mwaka 1988 Didier Goyvaerts alichapisha makala kuhusu indubil ya Bukavu, akaonyesha kwamba huko imejengwa juu ya Kiswahili. Lubumbashi nako ni hivyo. Kwa hiyo Kinshasa jina limekalia Kilingala, na kwetu limekalia Kiswahili.

Hilo linatufundisha kwamba kilichosafiri hakikuwa lugha. Ilisafiri namna ya kuwa kijana wa mji, yaani kuchukua lugha ya wakubwa na kuigeuza mpaka wakubwa wasiielewe. Kila mji ulifanya hivyo kwa lugha uliyokuwa nayo.

Wala si Kongo peke yake. Ng'ambo ya mpaka, Luanshya, Hortense Powdermaker aliishi na wachimbaji wa shaba mwaka 1953 na 1954. Aliona kwamba watazamaji walimwita kila kauboi mwema *Jack*, awe mwigizaji gani. Katika vinywa vyao ikawa *Jeke*. Jina la pekee likawa jina la kawaida. Tanzania nako, neno la Kiingereza *starring*, linaloandikwa mbele ya majina ya waigizaji filamu ikianza, likawa *steringi*, na maana yake ikageuka kuwa shujaa wa filamu, yule ambaye mtazamaji anajua hawezi kufa. Kitenzi kikawa mtu. Yule "kipara wa nguo nyeusi" wa baba mkubwa ni wa ukoo huo: mwigizaji kapoteza jina lake, akapewa letu.

4. Hamu hiyo ni ya kitu gani?

Turudi uani Mwadingusha. Kituo cha umeme kwenye maporomoko ya Lufira kilianza kazi mwaka 1930, kwa ajili ya viwanda vya shaba vya Union Minière. Ziwa Tshangalele lenyewe ni maji ya Lufira yaliyozuiwa na bwawa lake. Likasi wakati huo iliitwa Jadotville. Katika kampi za Union Minière kampuni ilikuwa kama baba: ilitoa nyumba, posho, dispensari, shule, na pia sinema. Lakini baba huyo alichagua watoto waone nini. Chini ya ukoloni filamu za kuonyeshwa Waafrika zilipitia kwanza kwa tume ya ukaguzi, na kilichoonekana hatari kilikatwa au kukataliwa.

Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu aliandika historia ya familia za wafanyakazi wa Katanga, akaipa kitabu chake cha 2001 jina linalouma: *Bana Shaba abandonnés par leur père*, yaani wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Baada ya Union Minière kutaifishwa mwaka 1967 ilikuja Gécamines. Gécamines ikaanguka, na mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakaondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari. Tukijua hayo, tunaelewa kwamba mzee anayemkumbuka kauboi anakumbuka pia jioni yenye taa, mshahara uliofika kwa siku yake na umati wa majirani mbele ya kitambaa cheupe.

Kiswahili chetu kina neno zuri kwa jambo hili, *ukumbusho*. Johannes Fabian alipochunguza michoro ya Katanga katika miaka ya 1970, alikuta watu wanaiita hivyo michoro ya zamani waliyoitundika sebuleni. Tazama umbo lake: *kumbuka*, kisha kitenzi cha kusababisha *kumbusha*, kisha nomino *ukumbusho*. Ukumbusho ni kitu kinachomfanya mtu akumbuke, hata kama hakuwapo jambo likitendeka. Kwa sarufi yake yenyewe, ukumbusho unamhitaji mtu wa pili. Hamu inaweza kukaa moyoni mwa mtu mmoja, ukumbusho hauwezi.

Ndiyo maana naona mzee alikosea alipomnyamazisha mjukuu. Alikuwa na ukumbusho mdomoni, akamfukuza yule yule aliyekuja kuupokea. Mzee hakosi anaposema kwamba kindubile si lugha ya kila mahali. Kijana anayekitumia mbele ya wakwe au mtihanini amejiponza mwenyewe. Lakini kujua mahali pa lugha si sawa na kuidharau lugha. Na wazazi wa mzee huyu, walipowaona vijana wa wakati wake wakitembea kikauboi, sidhani kama walipiga makofi.

5. Kazi kwa wanafunzi

Kwanza, nenda kwa mzee mmoja wa kampi, wa Likasi, Kambove, Kipushi au Mwadingusha, umwombe akusimulie filamu moja ya kauboi. Usimrekebishe. Andika maneno aliyoyatumia kwa shujaa, adui, bunduki, farasi na mwisho wa filamu, halafu uyagawe: yapi ni ya Kifaransa, yapi ya Kiswahili, yapi ni majina ya watu yaliyogeuka majina ya kawaida.

Pili, mwombe kijana mmoja akuambie maneno ya kindubile kwa vitu hivyo hivyo. Linganisha orodha mbili. Je, kuna neno hata moja lililovuka kutoka kwa mzee kwenda kwa kijana?

Tatu, na hii ndiyo ngumu, wakalishe wawili hao pamoja, na mzee asimulie tena. Safari hii kijana akiuliza, mwombe mzee amjibu.

Mimi kazi ya tatu nimeianza kwa baba mkubwa. Nilimweleza kwamba ndani ya kindubile amekaa Buffalo Bill. Alicheka sana, akakataa, akafikiri kidogo. Kisha akamwita mjukuu na kumwuliza: "Sasa weye, ule kipara wa nguo nyeusi, ku kindubile mungemwita namna gani?"