Baridi yabisi: rekebisha sahani, usiache dawa
Baridi yabisi hutokea kinga ya mwili inaposhambulia viungo, mara nyingi vya vidole na mikono. Hakuna chakula kinachoiponya. Anayeacha dawa ili anywe maji ya tangawizi pekee huhatarisha vidole kupinda, na vikishapinda lishe haivinyooshi.

Lakini sahani ina kazi yake. Prednisolone ikitumiwa muda mrefu hudhoofisha mifupa na kupandisha sukari na presha, kwa hivyo punguza chumvi, na sukari kwenye chai. Omena ikiliwa nzima hukupa kalsiamu, tena mafuta yake husaidia kupunguza uvimbe. Ichemshe, usiikaange hadi iogelee kwenye mafuta. Anayetumia methotrexate aepuke pombe: vyote viwili huumiza ini.