Kunyanyua Vyuma na Kupiga Gitaa

Tazama kiganja chako. Ukiwa mkulima, utaona sugu chini ya vidole, pale mpini wa jembe unaposugua ngozi. Mpiga gitaa naye ana sugu. Lakini zake ziko kwenye ncha za vidole vya mkono wa kushoto, mahali panapogusana na nyuzi.

Mtu mmoja anaweza kuwa na sugu za aina zote mbili. Mchana analima muhogo, au anapakia magunia ya mkaa kwenye lori pale barabarani Mlandizi. Jioni anapiga gitaa. Tena vijana wengine wana kazi ya tatu. Hutafuta bomba la chuma na makopo mawili, hujaza zege ndani ya makopo, kisha hunyanyua ili watunishe misuli.

Wapo wanaosema, "Mkono wenye misuli mikubwa huwa mgumu. Hauwezi tena kupiga gitaa." Vijana hujibu, "Sivyo. Mkono wenye nguvu ndio unaobana nyuzi barabara." Ndugu msomaji, wewe unasemaje? Kabla hujajibu, tuutazame mkono wenyewe.

Shika mkono wako wa kushoto kwa mkono wa kulia, chini kidogo ya kiwiko. Sasa chezesha vidole vya kushoto kama mtu anayepiga gitaa. Umesikia nini? Nyama inacheza chini ya ngozi, mbali kabisa na vidole.

Ndani ya vidole hamna misuli ya kuvikunja. Misuli mikubwa ya kazi hiyo iko kati ya kiwiko na kiganja. Misuli hiyo huvuta vidole kwa kamba ngumu ziitwazo kano. Kano hizo hupita kwenye kifundo cha mkono, katika njia nyembamba. Chini ya njia hiyo kuna mifupa, na juu yake kuna utepe mgumu. Humo ndani hupita kano tisa pamoja na mshipa mmoja mkubwa wa fahamu. Nafasi ni ndogo sana.

Kwa hiyo msuli unaobana mpini wa jembe ndio huo huo unaobana uzi wa gitaa. Huna mkono mmoja wa kazi na mwingine wa muziki. Ushike neno hilo, maana yote yanayofuata yanatoka hapo.

Tuanze na misuli mikubwa. Zamani hata walimu wa michezo wa Ulaya na Marekani waliamini kwamba kunyanyua vyuma humfanya mtu awe mzito na mgumu. Baadaye wataalamu waliwapima wanyanyuaji, wakaona kwamba mikono yao si mizito kuliko ya wengine. Msuli hukua kwa sababu nyuzinyuzi zake zinanenepa. Haugeuki kuwa mti. Mtu hukakamaa kama hanyooshi viungo vyake sawasawa anapofanya mazoezi. Basi wale wanaosema kwamba misuli mikubwa huua gitaa, wamekosea. Ila mwenye kifua kipana na mikono minene ataona gitaa limekaa mbele zaidi. Na arekebishe mkanda wake tu.

Sasa je, nguvu nyingi zinasaidia? Nyuzi sita za chuma zikikazwa vizuri, huvuta shingo ya gitaa kwa nguvu ya kilo 60 hadi 80 kwa pamoja. Kijana akisikia hivyo atasema, "Kumbe nilisema kweli!" La. Mti wa gitaa ndio unaobeba mvuto huo. Kidole kazi yake ni kuushusha uzi kidogo tu, mpaka uguse chuma kidogo kilicholala kwenye shingo.

Jaribu mwenyewe. Weka kidole juu ya uzi bila kuukandamiza, kisha upige. Utatoa sauti iliyoziba. Ongeza nguvu kidogo kidogo huku unapiga. Mara sauti itatoka safi. Simama hapo hapo! Nguvu yoyote utakayoongeza baada ya hapo haina faida. Inakuchosha, na inaweza hata kuharibu sauti.

Wengi mmesikia gitaa la Mbaraka Mwinshehe. Alipiga na Morogoro Jazz, na tangu mwaka 1973 na Super Volcano, mpaka alipofariki mwaka 1979. Sikiliza tena nyimbo zake. Sauti zinakuja upesi, moja baada ya nyingine, wala husikii mtu anayepigana na gitaa. Jean Bosco Mwenda wa Kongo, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, alichezesha nyuzi kwa vidole viwili tu vya mkono wa kulia, gumba na cha shahada. Ulaya alikuwako Django Reinhardt. Mwaka 1928 aliungua moto, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vikalemaa. Alijifunza upya kupiga kwa vidole vilivyobaki, akawa mpiga gitaa mashuhuri. Kama gitaa lingetaka nguvu, angeliacha.

Basi adui wa mpiga gitaa ni nani? Ni uchovu.

Tuchukue mfano wa mtu anayepakia magunia Jumamosi kutwa. Jioni ana muziki wa harusi. Akishika gitaa, vidole vinatetemeka. Havifiki mahali pake kwa wakati. Anaona sauti zinaziba, kwa hiyo anabana kwa nguvu zaidi. Msuli uliochoka unachoka tena. Kabla ya usiku wa manane mkono umekaza kama kamba iliyolowa. Watu wanasema hajui kupiga. Anajua sana, ila mkono wake aliutumia wote mchana. Hata wanamuziki wa bendi hufanya kosa hilo. Hushusha spika na amplifaya wenyewe kutoka kwenye gari, kisha hupanda jukwaani papo hapo.

Tena kuna maumivu yanayochelewa. Ukifanya kazi nzito usiyoizoea, hutaumia sana siku ile. Utaumia kesho yake na kesho kutwa. Kama una muziki Jumamosi, usianze zoezi jipya la vyuma Alhamisi wala Ijumaa. Lianze Jumapili au Jumatatu. Na siku unayofanya yote mawili, piga gitaa kwanza, nyanyua baadaye.

Kazi ya shamba au ya mizigo haingoji, hilo twalijua. Lakini unaweza kuupunguzia mkono taabu. Mzigo uubebe begani, usiuning'inize kwenye vidole kama unaweza kuepuka. Pumzisha mkono kabla ya kupiga, kisha uanze na nyimbo za polepole. Tazama pia gitaa lako. Kama nyuzi ziko juu mno kutoka kwenye shingo, vidole vinafanya kazi ya bure kila siku. Mpelekee fundi azishushe.

Sasa tuseme jambo la hatari. Kumbuka ile njia nyembamba kwenye kifundo cha mkono. Ukibana vitu vizito siku nyingi bila kupumzika, kano huweza kuvimba na kuubana ule mshipa wa fahamu. Gumba, kidole cha shahada na cha kati hufa ganzi au huchomachoma, hasa usiku. Vitu huanza kuanguka mkononi. Ugonjwa huu hauwapati wapiga gitaa peke yao. Huwapata washonaji, wanaotwanga, na hata wanawake wajawazito. Wengine husema ni upepo mbaya au wamerogwa, wakachanja chale. Wakati huo mshipa unazidi kubanwa, na nyama iliyo chini ya gumba inaweza kukonda isirudi tena. Ganzi ikija mara kwa mara, usingoje. Nenda kituo cha afya, nao wakiona lazima watakupeleka Hospitali ya Tumbi, Kibaha. Ukiwahi, huenda kupumzika na kufungwa ubao mwepesi usiku kukatosha.

Na vile vyuma vya makopo je? Wengi huvitengeneza kwa kukadiria kwa macho, na hapo ndipo wanapoumia. Lita moja ya zege ina karibu kilo 2 na nusu. Kopo la lita 4 likijaa lina karibu kilo 10. Debe la lita 20 lina karibu kilo 50, sawa na mfuko mmoja wa saruji! Mtu akitia debe kila upande, amejitwisha mifuko miwili na bomba lake juu. Tena kopo moja likiwa zito kuliko jingine, bomba hulala upande na kuviminya vidole. Anza na makopo madogo yaliyo sawa. Uwe na mwenzako karibu. Kidole kilichopondwa na zege hakijui kama wewe ni mkulima au mpiga gitaa.

Maswali

1. Kijana ana makopo mawili ya lita 5, yamejaa zege. Bomba lake lina kilo 4. Anyanyuapo, anabeba kilo ngapi?

2. Katika kazi unazofanya wewe, ni ipi inayobana vidole zaidi? Waeleze wenzako darasani namna ya kuifanya bila kuuchosha mkono.

3. Mwombe mpiga gitaa wa kijijini kwenu akuonyeshe sugu zake. Mwulize hufanya kazi gani mchana, na mkono wake huwaje usiku.