Adrien Niyonshuti na kazi ya baiskeli



Kila asubuhi, tukikuja ku masomo, tunapishana hapa Hewa Bora na wababa wanaosukuma kinga zenye magunia ya makala. Kwetu kinga ni chombo cha kubeba. Je, mtu anaweza kulipwa mshahara kwa kuendesha baiskeli bila gunia nyuma?

Njo tunaleta habari za Adrien Niyonshuti, Mnyarwanda, aliyezaliwa mwaka 1987. Tulipotaja jina lake darasani kelele ilikuwa mingi: kwa nini Mnyarwanda, na vita iko kwetu mashariki? Tulibishana sana. Lakini mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, huyu alikuwa mtoto wa miaka saba, na ndugu zake sita waliuawa. Tukakubali kumsoma.

Mwaka 2007 Jock Boyer, Mmarekani wa kwanza kukimbia Tour de France (1981), alifika Rwanda kutafuta vijana wenye nguvu. Adrien alikuwa mmoja wao. Mwaka 2008 alishinda mzunguko wa Rwanda, na mwaka 2009 timu ya MTN ya Afrika Kusini ikamwandika kwa mshahara. Alikuwa Mnyarwanda wa kwanza kufanya kazi hiyo.

Hapa tusikilizane vizuri, juu wengi wanafikiri mwendeshaji wa kulipwa ni yule anayeshinda tu. Hapana. Timu ina kiongozi mmoja, wengine wanamtumikia. Anayetangulia anapasua upepo. Anayefuata karibu na gurudumu lake anachoka kidogo tu. Kwa hiyo mtumishi anakaa mbele, anarudi nyuma ku motokari kuchukua chupa za maji, anazigawa, halafu anaachwa mlimani na kufika kati ya wa mwisho. Mtume Paulo aliandika juu ya mbio na taji. Hatujui angesema nini juu ya mtu anayekimbia ili taji aipate mwenzake.

Adrien alibeba bendera ya Rwanda katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012. Akakimbia mbio za baiskeli za mlimani, akawa wa 39. Alibeba bendera tena Rio mwaka 2016.

Katikati kuna mwaka 2015, na huo ndio unatuuma. Timu yake, MTN-Qhubeka, ilikuwa ya kwanza iliyosajiliwa Afrika kuingia Tour de France. Daniel Teklehaimanot wa Eritrea alivaa jezi ya vitone vyekundu, ile ya wapanda milima. Adrien hakuchaguliwa. Miaka sita ya kubeba maji, na mlango ulipofunguka wakapita wengine.

Alianzisha pia shule ya baiskeli kule Rwamagana, kwao. Na mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifika Afrika kwa mara ya kwanza: yalifanyika Kigali.

Swali la kujadili: je, wewe ungekubali kazi ile ya chupa kwa miaka sita? Leteni majibu kwa karatasi, na majina yenu juu.